Kutoka Kiamunyi Hadi Nakuru, Siku Tatu

Nilisafiri kwa sababu koo langu lilikwisha. Kwa miaka ishirini na sita nimekuwa karani wa steji mjini Nakuru, na kazi ya karani wa steji ni mbili: kuita abiria na kuwahesabu. Kuita, nimeita Olenguruone, Molo, Ravine na Naivasha mpaka majina hayo yananitoka nikiwa nimelala. Kuhesabu, huwa nahesabu mara mbili, kwa kuwa hesabu ya kwanza ni ya kondakta na ya pili ndiyo ya kweli. Mwaka huu sauti ilianza kukwaruza kama mlango wa stoo. Daktari akanichungulia kooni na tochi, akazima tochi, akasema, "Mzee, hii sauti umeitumia yako na ya watoto wako. Mpaka Jumatatu hakuna neno hata moja. Baada ya hapo utaongea polepole. Kupiga kelele, sahau."

Karani asiyeweza kupiga kelele ni mtu aliyesimama tu kando ya barabara. Lakini bahati ilikuwepo. Tangu mji wetu uitwe jiji, wageni wanashuka steji wakiuliza jiji lenyewe liko wapi, kwa hivyo chama chetu cha magari kiliamua kufungua dawati la wageni. Mtu mmoja atakaa hapo awaeleze watu waone nini, wale wapi, wapitie wapi. Tulioomba tulikuwa wawili: mimi, na Githinji, karani wa upande wa Naivasha. Usaili ulikuwa Jumatatu. Githinji akikosa, atarudi kuita Naivasha. Mimi nikikosa, sina pa kurudi.

Sikuwa na hofu. Ofisini kwetu ukutani kuna bango lenye kichwa "Mambo ya Kuona Nakuru", na maneno yote ya bango hilo yalitoka kinywani mwangu mwaka jana, katibu akiandika, mimi nikinywa chai. Katibu mwenyewe alinidokeza kwamba maswali ya usaili yatatoka humo humo. Ni kama mtu kutahiniwa jina lake.

Alhamisi jioni nikamwandikia mke wangu Rhoda haya yote kwenye daftari. Akasoma, akaniangalia. Rhoda ametoka Olenguruone, na watu wa kule juu hawana haraka ya kucheka.

"Baba Nekesa, haya mambo ya bango uliyaona au uliyasikia?"

Nikaandika: *Ziwa nililiona nikiwa darasa la tano.*

"Si ulinieleza ulitapika kwenye lori la shule mkarudishwa njiani?"

Nikafuta. Menengai je? Nimeiona kila siku ya maisha yangu, kwa chini, kama mlima ulio nyuma ya nguo zilizoanikwa. Kilima cha pimbi? Nimekipita nikienda mazishi. Orodha ikaisha.

"Basi twende," Rhoda akasema. "Tubebe begi, tulale gesti, tuzunguke kama wageni. Wewe utaandika, mimi nitakusomea kwa watu."

Ijumaa, saa mbili asubuhi, kwetu Kiamunyi, pembeni mwa jiji. Tulifunga mlango na begi moja. Jirani yetu, Mama Purity, alikuwa anamwagia sukuma wiki zake maji.

"Mnasafiri?"

"Ndiyo," Rhoda akajibu.

"Mbali?"

"Nakuru."

Mama Purity akageuka akaangalia upande wa mjini, ambako mabati ya watu yalikuwa yanang'aa waziwazi. Akafikiria. "Haya, Mungu awatangulie. Msisahau mkate wangu."

Kwetu mtu akitoka safari huja na mkate, na Mama Purity si mtu wa kuachilia haki yake kwa sababu ya umbali.

Saa nne, gesti, nyuma ya soko. Mwenye gesti, mama mmoja aliyejifunga leso juu ya sweta, alifungua kitabu cha wageni. "Mmetoka wapi?"

"Kiamunyi."

Akaniangalia mimi, akamwangalia Rhoda, akaangalia begi letu dogo. Akafunga kitabu. "Mathe, mimi hapa siulizagi watu maswali."

"Huyu ni bwana yangu."

"Wote huwa ni mabwana," akasema, akataja bei.

Nikaandika haraka: *Mwambie tuna watoto wanne na mjukuu, na bei aliyotaja ni ya Nairobi.* Rhoda akasoma daftari kwa makini, kisha akamwambia, "Anasema mahali pako ni pasafi sana."

Mama wa gesti akalainika. Akatupa chumba cha pembeni chenye dirisha la soko, na kesho yake asubuhi akatuletea chai ambayo haikuwa kwenye mapatano. Nilihesabu vikombe mara mbili nikitafuta mtego. Sikuuona.

Hapo ndipo nilipoelewa nimeingia safari na mkalimani wa aina gani.

Saa saba mchana, mtaa wa maduka ya zamani. Lazima niseme ukweli kuhusu chakula. Kwa miaka ishirini na sita nimekula mlo mmoja tu mjini: chai na mandazi mawili, nimesimama, jicho moja likiwa kwa gari. Nikiulizwa na mgeni ale wapi, humwelekeza kwa yule mwenye hoteli anayenisalimu vizuri. Sasa Rhoda akafuata pua. Pua ikatufikisha kwa mzee mmoja Mhindi anayekaanga bhajia za viazi kwenye karai pana, kando yake bakuli la ukwaju. Babu yake, alituambia, alifika na reli kuuza nyuzi na vifungo. Babu yangu alifika na reli hiyo hiyo kutoka Bungoma kubeba mataruma. Tumekuwa majirani karibu miaka mia moja na sijawahi kula kwake.

Ubao ulisema sahani moja ni bhajia kumi na mbili. Nikahesabu. Nikahesabu tena. Nikaandika: *Ziko kumi na moja.*

Rhoda akasoma. "Mzee, huyu anasema hajawahi kula bhajia kama hizi tangu azaliwe."

"Tangu azaliwe?" Mzee akanyoosha mgongo. "Huyu ni mtu anajua chakula. Ongeza yeye." Akaniwekea tatu nyingine za moto.

Nikahesabu upya: kumi na nne. Nimebishana na watu maisha yangu yote, mpaka nikapoteza koo, na hakuna siku niliyobishana nikaongezewa tatu. Jambo hili lilinisumbua mpaka jioni. Bhajia zenyewe ni hivi: nje zinavunjika, ndani ni laini, na ukwaju unakukumbusha kwamba mdomo una pembe.

Jumamosi, saa tatu asubuhi, kilima cha pimbi. Mwelekezaji alikuwa bwana mmoja mpole wa kofia ya sufu, anayeongea na mawe kama mtu anayeongea na ng'ombe wake. Alituonyesha mashimo ya makao ya watu wa kale, kisha akatupeleka kwenye mwamba uliochongwa safu za vishimo vidogo.

"Hii ni nini, mathe?"

Rhoda akainama. "Hii ni bao."

"Ni bao. Walikaa hapa, wakacheza, ng'ombe wakila pale chini."

Nilihesabu vishimo upande mmoja, nikahesabu tena, nikapata tofauti, kwa sababu kimoja kilikuwa kimeota kuvu na sikujua kama ni kishimo au ni uzee. Kwetu nyumbani tumeambiwa babu alishukia mahali patupu. Kumbe watu walishakaa hapo wakahesabu kete, na bila shaka kulikuwa na mmoja aliyekuwa anahesabu mara mbili na hakuna aliyetaka kucheza naye. Nikaandika: *Muulize kama wageni ni wengi.*

Hili Rhoda alilisoma kama lilivyo. Mwelekezaji akatabasamu kwa huzuni. "Wa mbali wanakuja. Wa hapa mjini hupita wakienda mazishi."

Saa sita mchana, njia ya Menengai. Kwenye bango letu imeandikwa hivi, na maneno ni yangu: "Menengai: dakika kumi kwa miguu kutoka mjini." Nilipoyatamka nilikuwa nimekaa, na mtu akiwa amekaa Menengai ni karibu. Tulianza kupanda. Dakika kumi zikaisha tukiwa bado kwenye nyumba za watu. Saa moja ikaisha tukiwa kwenye vumbi na miti ya mikalitusi. Rhoda alipanda kama anayeteremka, akinisubiri kila kona na kuniuliza kama dakika kumi zimefika. Mimi nilimwonyesha kwa kidole kona inayofuata.

Saa nane na nusu tulifika ukingoni. Huko juu kuna mama anayeuza maji na mahindi ya kuchemsha, ameketi chini ya mwavuli uliofungwa kwa kamba. Nilinunua chupa ya kwanza nikaimaliza nimesimama. Nikaashiria ya pili.

"Pole, boss," akaniambia. "Na nyinyi mlitumwa na yule karani?"

Rhoda akauliza, "Karani gani?"

"Kuna karani huko steji anaambianga watu hapa ni dakika kumi. Wanakuja kwa miguu na viatu vya kanisa. Wakifika hapa wamekasirika, hawaongei, wananunua maji yote." Akainua macho mbinguni. "Mungu amuongezee miaka. Amenisomeshea watoto wawili."

Rhoda akasema, "Tukimwona tutamsalimia."

Niliondoka nikaenda kusimama peke yangu ukingoni. Sasa, kuhusu Menengai yenyewe, nitasema kidogo. Ardhi inakwisha ghafla miguuni pako. Chini kabisa kuna uwanja mkubwa wa mawe meusi na vichaka, mvuke unatoka hapa na pale kama vile mtu anapika na hana haraka, na ng'ambo ukuta wa upande wa pili umekuwa bluu kwa umbali. Nilitafuta kitu cha kuhesabu, sikukipata. Upepo ulipanda kutoka kule chini ukaniingia ndani ya shati. Kwa mara ya kwanza tangu Alhamisi sikuona kama kukosa sauti kumenipunguzia kitu. Rhoda alikuja akasimama kando yangu, akanipa nusu ya hindi. Tulikaa hapo mpaka jua likaegemea. Kurudi tulipanda pikipiki.

Jumapili, saa nne asubuhi, ziwani. Baada ya ibada ya kwanza tulichukuliwa na Barasa, dereva wa chama chetu ambaye Jumapili hukodishwa na wageni. Alitukuta tumesimama barabarani na begi, akacheka mpaka akashuka garini. "Mzee Wafula, wewe ndio mgeni?"

Nikaandika: *Endesha.*

Tulipofika kwenye lango la mbuga inayozunguka ziwa nilishika bega la Barasa. Nikaandika kwa herufi kubwa: *HILI SI LANGO.* Kwenye bango, na kinywani mwangu kila siku, lango liko kule chini, unafuata barabara moja kwa moja, huwezi kupotea.

Barasa akasoma, akaniangalia kama anayetafuta namna nzuri ya kuleta habari za msiba. "Boss, lile lingine nitakuonyesha tukiwa ndani."

Tukaingia, tukateremka na barabara mpaka ikakatika. Haikuzuiwa na kizuizi; iliingia tu majini, kama mtu anayeenda kuogelea na viatu. Mbele yake miti ya migunga imesimama mikavu, mizizi yake kilindini, na katikati ya miti paa la jengo lilikuwa linachungulia. Juu ya paa ndege weusi walikuwa wanakausha mabawa.

"Hilo ndilo lango lako," Barasa akasema. "Ziwa lilipanda."

*Tangu lini?*

"Sasa ni miaka, boss. Inapita kumi."

Nilikaa. Tuseme kwa wiki naulizwa njia na wageni wawili tu. Nikaanza kuzidisha kwa wiki, kwa miaka, nikiwaona wote wakiteremka foleni na mikoba yao kuelekea majini kwa sababu mimi niliwaambia hawawezi kupotea. Hesabu hiyo niliifanya mara moja tu.

Rhoda alinimiminia chai ya thamosi.

Flamingo tuliwaona, mbali, ukingo wa mashariki. Bango linasema "mamilioni". Niliwahesabu kumi na saba. Hesabu ya pili ilitoka kumi na sita, kwa sababu mmoja alikuwa mwari, ndege mwingine mweupe, aliyepigwa na jua. Wengine, Barasa alisema, walihamia maziwa mengine maji yalipobadilika. Lakini vifaru walikuwepo, wawili, wakila nyasi umbali wa uwanja wa mpira, na mdogo kati yao alikuwa na tope mgongoni mfano wa ramani. Nyati mmoja alitukazia macho kama askari wa kaunti. Tulikula chapati zetu mahali palipoinuka, kwenye kivuli, na nikagundua kwamba sijui kwa nini niliwahi kuwaambia watu mamilioni. Kumi na sita waliingia majini kwa pamoja, wakageuka kwa pamoja, na ilitosha kabisa.

Saa kumi na moja jioni, Kiamunyi. Tulinunua mkate dukani, nyumba ya tatu kutoka kwetu. Mama Purity akaupokea kwa mikono miwili.

"Huko Nakuru wako aje?"

"Wako salama," Rhoda akamwambia. "Wamepata mvua."

Ndani ya nyumba nilimwandikia Rhoda mambo yalivyo. Nikijibu kama bango linavyosema, dawati ni langu, maana bango ni mimi. Nikisema nilichoona, nitajikosesha mtihani niliojitungia.

Akasoma mara mbili. Tabia yangu imemwambukiza. "Mimi nilikuwa mdomo wako siku tatu," akasema, "na ya kesho siwezi kukusomea. Lakini kama utasema dakika kumi, kesho kutwa nitakupandisha tena na viatu vya kanisa."

Jumatatu, saa tatu, ofisini. Mezani walikuwa mwenyekiti, katibu na mweka hazina, mama mmoja mnene asiyependa vikao. Githinji aliingia kwanza na mlango ukabaki wazi kwa joto. Nilimsikia akijibu kwa sauti yenye afya: lango ni chini, fuata barabara, huwezi kupotea; Menengai, dakika kumi; flamingo, mamilioni. Kila jibu katibu alitia tiki. Alitoka akanipiga bega. "Niaje, mzee. Ni rahisi. Ni bango tu."

Nikaingia. Sauti ilikuwa imerudi kidogo, nyembamba, ya kuazima. Wote watatu ilibidi wainame kunisikia.

"Lango la ziwa liko wapi?" katibu akauliza.

"Liko ndani ya maji."

Akaangalia karatasi. "Hiyo sio."

"Kuna lango lingine huku juu. Lile la bango lina paa linaloonekana, na ndege juu yake."

"Mzee Wafula," mwenyekiti akasema taratibu, kama anayeongea na mgonjwa, "haya majibu ni wewe ulituandikisha."

"Ni mimi. Nilikuwa sijaenda. Menengai pia ni saa mbili na nusu kwa miguu. Na flamingo ni kumi na sita."

Katibu akaweka kalamu chini. "Sasa mimi nitie nini hapa? Kulingana na karatasi huyu amepata sufuri."

Mweka hazina akawageukia wenzake. "Kwani hapa nani ameenda kuona?"

Mwenyekiti, aliyezaliwa kwenye nyumba za reli kama mimi, akaanza kupanga faili zilizokuwa zimepangwa. Katibu akasema yeye aliwahi kupita juu yake kwa ndege. Hapo Barasa, aliyekuwa mlangoni akingoja kusainiwa karatasi ya gari, akaingiza kichwa.

"Mwenyekiti, samahani. Hilo lango la bango, siku hizi wanaolitumia ni samaki."

Kisha mwenyekiti akaegemea mbele, na safari hii haikuwa kwa sababu ya sauti yangu. "Na huko juu Menengai," akauliza chini kwa chini, "kuna choo?"

Nikamwambia. Mweka hazina akauliza kama mtu mwenye goti bovu anafika. Nikamwambia achukue pikipiki, na kurudi asikubali bei ya kwanza. Katibu akauliza kama wanaruhusu mtu kubeba chapati zake. Waliniuliza mpaka koo likafunga, na mengine nikayajibu kwa daftari.

Dawati wamenipa. Kiti kitatoka kwenye bajeti nyingine, kwa hivyo kwa sasa nawapokea wageni nikiwa nimesimama, kazi ambayo nina uzoefu nayo. Githinji anaita Naivasha, na bango tumelitoa. Nilichojifunza ni kidogo lakini nimekihakikisha mara mbili: mtu anaweza kuuza njia miaka ishirini na sita bila kuipita, na hakuna atakayemdai, kwa sababu waliopotea hawarudi steji kulalamika. Wananunua maji, wanaendelea.

Jumamosi iliyofuata, saa tatu asubuhi, mgeni wangu wa kwanza alisimama mbele ya dawati. Alikuwa mwenyekiti, na mke wake, na thamosi.

"Mimi Menengai nimeenda mara nyingi," akasema, akiangalia kando. "Ni huyu hajui njia."

Nikawachorea. "Ukifika ukingoni kuna mama anauza maji chini ya mwavuli," nikamwambia kwa ile sauti yangu mpya ya kuazima. "Mwambie karani anamsalimia. Mwambie pia biashara itapungua kidogo, anisamehe."